Neno "gore" lilianzia kwenye mavi, si kwenye mkuki

Ukitafuta neno gore katika kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili, utajibiwa kwa neno moja: damu. Kamusi yenye ukarimu zaidi itaongeza: iliyomwagika. Jibu hilo si la uongo, ila limepunja. Mwingereza anayetaka kusema damu ana neno lake, blood, na hulitumia kwa damu ya maabara, damu ya ukoo na damu aliyoinyonya mbu. Gore humjia anapozungumzia damu iliyokwisha kutoka mwilini, ikawa nzito, ikaganda kwenye nywele na nguo, ikachanganyika na vumbi na nyama, ikatia kinyaa. Kiasi si hoja. Mtu anaweza kupoteza nusu lita ya damu kwenye mfuko wa benki ya damu na hakuna atakayeita gore. Kijiko kimoja kilichokaukia ukutani kinaweza kuitwa hivyo bila ubishi.

Hali hiyo ya damu ndiyo inayoeleza neno lilikotoka. Kwa takriban miaka mia nane ya maandishi ya Kiingereza, gore halikuwa na damu hata tone. Lilikuwa mavi.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichoandikwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno lenyewe ni gor, na maana yake ni mavi, samadi, uchafu. Ndugu zake wametapakaa kaskazini mwa Ulaya na wote wananuka vilevile. Kijerumani cha kale kilikuwa na gor kwa kinyesi cha wanyama. Kiholanzi hadi leo kina goor, yaani chafu, -a kuchukiza. Kinorwe kina gørr, ute na uchafu, ambalo vijana wamelifanya kuwa la kukazia tu: jambo linalochosha sana huitwa gørrkjedelig. (Shabiki wa Gor Mahia asihangaike: Gor ya klabu hiyo ni jina la Kijaluo na haina undugu wowote na huku.)

Ndugu anayetufaa zaidi ni yule wa Skandinavia ya kale. Kwao gor haikuwa mavi yaliyokwisha kutoka. Ilikuwa ile shehena iliyomo tumboni mwa mnyama, majani yaliyosagwa nusu, ya kijani na yenye uteute, ambayo mchinjaji huyaona akipasua tumbo. Katika kalenda ya kale ya Iceland, mwezi wa kwanza wa majira ya baridi, unaoanza Jumamosi moja kati ya tarehe 21 na 27 Oktoba, unaitwa gormánuður, mwezi wa gor. Ulikuwa mwezi wa kuchinja. Malisho yanakwisha, mifugo ambayo haiwezi kulishwa ndani hadi machipuo inaondolewa, na uwanja wa kila nyumba unajaa matumbo yaliyopasuliwa.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu machinjioni ndipo mavi na damu hukutana, na vipimo vyake vinasema mengi. Ng'ombe mkubwa akichinjwa hutoa damu kama lita 10 hadi 15. Tumbo lake kubwa, lile ambalo wauza supu huliita taulo, linaweza kubeba zaidi ya lita 100. Kwa hiyo kinachofunika sakafu baada ya kazi si damu tupu. Ni damu iliyoingiliwa na yaliyomo tumboni, na hayo ya tumboni ndiyo mengi. Mchinjaji mwenye ujuzi hufunga umio kwa kamba kabla ya kutoa matumbo, maana mnyama akining'inizwa kichwa chini, yaliyomo tumboni hurudi kupitia koo na kuchafua nyama ya shingo. Kisu kikiteleza kidogo kikatoboa taulo, nyama yote ya karibu imeharibika: bakteria wa tumboni wameshaingia, na kuosha kwa maji huwasambaza kuliko kuwaondoa. Mtu wa karne ya 10 hakujua bakteria, lakini alijua kabisa kwamba mchanganyiko huo si damu safi ya kukingwa kwenye bakuli na kupikwa. Ni gor.

Naamini njia ya neno hili ilipita hapo, ingawa kamusi kubwa za Kiingereza hutosheka na kusema maana ilihama kutoka mavi kwenda uchafu kwa jumla, kisha kwenda damu iliyoganda. Kinachoonekana wazi kwenye maandishi ni hatua. Katika Kiingereza cha Kati, kile cha karne chache zilizofuata uvamizi wa Wanormani, gore bado ni tope na takataka. Mwishoni mwa karne ya 15 kinajitokeza kivumishi gory, chenye kusema kitu kimepakaa damu iliyoganda. Katika miaka ya 1560 ndipo nomino yenyewe, gore, inapoandikwa kwa maana ya damu nzito iliyoganda. Kivumishi kimetangulia nomino, na hilo halishangazi: watu huanza kwa kusema nguo imechafuka namna gani kabla hawajakipa jina kilichoichafua.

Kipo pia kipande cha kati ambacho mara nyingi husahaulika, neno-ambatani gore-blood. Hilo lilitumika katika karne ya 16 na baadaye kidogo, na Shakespeare alilitia kinywani mwa yaya wa Juliet anapoeleza maiti aliyoiona. Muundo wake unafichua kila kitu. Kama gore peke yake ingekuwa imekwisha kuwa damu, kusingekuwa na sababu ya kuibandika blood nyuma yake. Msemaji alihitaji kusema "damu ya uchafu", damu iliyogeuka tope. Ambatani ikatumika, sehemu ya pili ikazoeleka hata ikawa haina haja ya kutajwa, na sehemu ya kwanza ikabaki imebeba mzigo wote. Hivi ndivyo maneno mengi yanavyohamia maana mpya bila mtu yeyote kuamua.

Swali ambalo wachache huuliza ni kwa nini Kiingereza kilihitaji kuazima neno la choo. Kilikuwa na maneno ya damu iliyomwagika, tena ya kutosha. Washairi wa zamani walikuwa na dreor, damu inayodondoka, kutoka kitenzi dreosan, kuanguka. Walikuwa na heolfor, damu ya jeraha iliyotapakaa. Walitumia hata swat, jasho, kwa damu ya askari. Heolfor lilikufa kabisa. Swat likabaki na jasho lake. Dreor ndilo lililopata safari ya ajabu: kivumishi chake dreorig, kilichokuwa na maana ya "-enye kuvuja damu", kilisogea kuwa "-enye ukatili", kisha "-enye huzuni", na leo ni dreary, neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa mvua ya rasharasha ya Jumatatu asubuhi. Mtu anayelalamikia hali ya hewa kwa neno hilo hajui kwamba babu zake wangemwelewa kuwa anavuja damu. Hivyo hadi karne ya 16 nafasi ilikuwa wazi. Lugha iliyopoteza majina yake ya heshima kwa damu ya vitani ilijaza pengo kwa jina la machinjioni, na nadhani ndiyo maana gore haijawahi kuwa neno la kishujaa. Shujaa humwaga damu, blood. Gore ni kile anachokiacha nyuma ili wengine wakisafishe.

Sasa tuje kwenye maelezo yanayopendwa na wengi, nayo ni potofu. Husemwa kwamba gore ni damu kwa kuwa fahali akimchoma mtu pembe, Kiingereza husema pia gore, na kitenzi hicho kinahusishwa na neno la kale gār, mkuki. Mkuki unachoma, damu inatoka, basi damu ikaitwa kwa jina la mkuki. Hadithi imenyooka kupita kiasi. Ni sawasawa na mtu anayekuhakikishia kwamba mwanadamu ni "mwana wa damu" kwa sababu ana damu mwilini, ilhali neno hilo ni mwana na Adamu, na binadamu ni bin Adamu. Sauti zimefanana, maana zinaweza kupatanishwa, na bado undugu haupo.

Namna ya kulithibitisha hilo haihitaji ubashiri, inahitaji kufuata irabu. Kiingereza cha Kale kilikuwa na a ndefu katika gār. Kuanzia karne ya 12, kusini mwa mto Humber, a ndefu zote zilianza kutamkwa kwa mviringo wa midomo na kuwa o ndefu. Stān, jiwe, likawa stone. Hām, nyumbani, likawa home. Bāt likawa boat. Kwa kanuni hiyohiyo gār likafika kwenye sauti ya gore. Neno letu la mavi lilipita mlango mwingine. Gor lilikuwa na o fupi tangu mwanzo, na katika karne ya 13 irabu fupi zilizosimama katika silabi wazi, yaani silabi inayoishia kwa irabu, kama ilivyokuwa neno lilipoongezewa kiishio, zilirefushwa. Hol, shimo, likawa hole. Col, kaa la moto, likawa coal. Gor likawa gore. Maneno mawili yaliyotoka pande mbili, kila moja kwa kanuni yake, yakafika kwenye tahajia moja. Ndiyo sababu kamusi makini haziyaweki chini ya ingizo moja. Huyapa namba: gore ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kuna jaribio jingine, nalo ninalipenda kwa kuwa halina pa kukimbilia. Kaskazini, Uskoti, a ndefu haikugeuka kuwa o. Huko jiwe ni stane na nyumbani ni hame. Kama gore ya damu ingekuwa mtoto wa gār, Waskoti wangeiita kwa a. Hawafanyi hivyo. Lakini kipande cha nguo chenye umbo la pembetatu, ambacho Mwingereza hukiita gore, Mskoti hukiita gair. Kwa hiyo kipande cha nguo ni mtoto wa mkuki, na damu si mtoto wake.

Anayeshangaa kwa nini gār halikugeuka kila mahali aangalie jikoni. Garlic, kitunguu saumu, ni gār-lēac, "kitunguu mkuki", kwa sababu ya umbo la punje zake. Hapo a ilibaki kwa kuwa katika neno-ambatani, mbele ya konsonanti mbili zilizofuatana, irabu ndefu ilifupishwa mapema. Ilipokuja zamu ya a ndefu kugeuzwa, hii haikuwa ndefu tena, ikapona. Majina ya watu yamehifadhi mkuki huohuo: Edgar lina gar mwishoni.

Nimetaja kipande cha nguo, na hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapoweza kuaibika. Gore ya fundi cherehani ni kutoka gāra, ncha ya ardhi, pembe ya shamba, neno lililotokana na umbo la kichwa cha mkuki. Sketi ya gore sita si sketi yenye damu mara sita. Ni sketi ya vipande sita, kila kimoja chembamba kiunoni na kipana chini, ili nguo ifunguke bila kukunjwa marinda. Pwani tuna neno la kazi hiyohiyo na ni zuri: taharizi, kile kipande cha ubavuni kinachoshonwa kwenye badani za kanzu, kuanzia chini ya kikwapa hadi pindoni, kikipanuka kadiri kinavyoshuka. Bila taharizi kanzu hubana magotini na mvaaji hawezi kupiga hatua ndefu. Kosa la kawaida ni kukata taharizi kwa kufuata uzi wa kitambaa upande mmoja na kuukatiza upande wa pili, kisha kuishona upande uliokatizwa bila kuushikiza kwanza. Upande huo hunyumbuka na pindo hushuka mbavu moja chini kuliko nyingine. Mtu akifasiri kitabu cha ushonaji na kuandika "damu" badala ya taharizi au kipande, hana pa kujificha.

Umbo hilo la pembetatu limesambaa kuliko maana ya damu. Mwavuli wa kawaida hushonwa kwa vipande vinane vya aina hiyo, na parachuti na puto la hewa moto hushonwa kwa wazo lilelile. Wachora ramani walifanya vivyo hivyo walipotaka kubandika karatasi bapa juu ya tufe: tufe la Martin Waldseemüller la mwaka 1507, mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa kuandika jina Amerika, lilichapwa kama vipande 12 vyenye ncha pande zote mbili. Katika jimbo la Vermont, Marekani, kuna maeneo yanayoitwa Buels Gore na Avery's Gore. Hakuna aliyechinjwa huko. Ni mabaki ya ardhi yaliyoachwa nje ya mipaka ya miji pale mistari ya wapima ardhi ilipokataa kukutana. Kwenye barabara za kasi za Marekani, ile pembetatu iliyopigwa rangi kati ya njia kuu na njia ya kutokea, ambayo hairuhusiwi kukanyagwa, nayo ni gore. Jina la ukoo la Al Gore, makamu wa rais wa Marekani kati ya 1993 na 2001, ni la aina hiyo, jina la mtu aliyeishi kwenye pembe ya ardhi.

Mfano wa kuchekesha zaidi uko London. Mtaa unaopita mbele ya ukumbi wa Royal Albert Hall unaitwa Kensington Gore, na asili yake ni gāra, kipande cha ardhi. Katika miaka ya 1960 mfamasia mmoja mstaafu wa Kiingereza alitengeneza damu bandia kwa ajili ya jukwaa na sinema, akaiita kwa jina la mtaa huo. Ulikuwa utani wa maneno, na ulifana hata leo waigizaji wengi wa Uingereza huita damu yoyote bandia Kensington Gore. Neno la mkuki limevaa nguo za neno la mavi, kwa makusudi safari hii.

Damu hiyo bandia inafundisha kitu ambacho kamusi haifundishi, yaani tofauti ya blood na gore unapolazimika kuitengeneza kwa mkono. Shira ya sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, rangi nyekundu ya chakula, hapo una damu inayotiririka. Ukiishia hapo itafanana na soda ya rangi: nyekundu mno, inang'aa mno, na kwenye taa kali inaelekea waridi. Matone mawili matatu ya rangi ya kijani au buluu huizimisha mpaka ikawa ya kuaminika. Lakini bado itateremka kwenye uso wa mwigizaji na kudondoka kabla tukio halijaisha. Ili ishike, ining'inie kwenye nywele na kuacha mabonge, unahitaji wanga wa mahindi, uliokorogwa kwanza kwenye maji baridi kisha ukapashwa moto pamoja na vingine. Ukiumimina mkavu kwenye shira ya moto utapata madonge meupe. Wanga huo ndio unaovuka mpaka kutoka blood kwenda gore.

Damu halisi huvuka mpaka huo yenyewe. Ikitoka kwenye mshipa na kukaa kwenye chupa safi ya kioo, huganda kwa dakika tano hadi kumi na tano hivi. Protini iitwayo fibrinojeni hugeuzwa kuwa nyuzi za fibrini, nyuzi hunasa seli nyekundu, bonge hunywea, na majimaji ya manjano hujitenga pembeni. Rangi nayo hubadilika, kwa kuwa chuma kilichomo ndani ya himoglobini huoksidishwa na wekundu kugeuka kahawia. Madaktari wanaotibu walioumwa na nyoka wanaijua dakika ya mpito huu kuliko mtu yeyote. Kipimo chao ni rahisi: mililita mbili za damu ya mshipa kwenye chupa ya kioo, mpya, safi na kavu, iachwe bila kuguswa kwa dakika 20, kisha ilazwe mara moja. Ikiwa bado inatiririka, sumu imeharibu ugandaji na mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia sumu. Chupa ya plastiki au iliyooshwa kwa sabuni hudanganya, maana kuta zake hazichochei ugandaji ipasavyo, na mtu mzima wa afya ataonekana kama aliyeumwa na kipiri. Kwa lugha ya makala hii, kipimo hicho kinauliza: je, damu hii ina uwezo wa kuwa gore?

Lugha nyingine zilitenga damu ya ndani na ya nje bila kupitia chooni. Kilatini kilikuwa na sanguis kwa damu iliyomo mwilini na cruor kwa iliyotoka jerahani. Cruor inatokana na mzizi mkongwe wa nyama mbichi, na mzizi huo ndio uliozaa crudus, -bichi, na crudelis, -katili, na kwa upande wa Kijerumaniki, familia ya lugha yenye Kiingereza na Kijerumani, ukazaa raw ya Kiingereza. Ukatili kwa Mroma ulikuwa ubichi. Kiebrania na Kiarabu vilitumia wingi. Dam ni damu; lakini katika Mwanzo 4:10, pale damu ya Abeli inapolia kutoka ardhini, Kiebrania kinaandika wingi, "damu" nyingi za ndugu yako. Katika Qurani 2:30, malaika wanapouliza juu ya kiumbe atakayemwaga damu, Kiarabu nacho kinatumia wingi, dimāʼ. Kiswahili kilichukua dam ya umoja kikaiongezea irabu, kikaiweka katika ngeli ya i-zi ambamo umoja na wingi hauonekani kwenye nomino, na tofauti ile ikapotea njiani. Tukaifidia kwa kitenzi: kumwaga damu, umwagaji damu. Damu yetu haisemi imetoka wapi mpaka kitenzi kiseme.

Si kwamba tumekosa maneno mahsusi. Tuna bonge la damu, donge la damu, pande la damu. Tuna ngeu, jeraha la kichwani linalotoa damu, na wengi waliokulia Mombasa au Unguja wanajua maana ya kumrushia mtu jiwe ukamtoa ngeu. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, mzuka wa Banquo, jemadari aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, unatikisa nywele zilizojaa gore. Muuaji ameshaeleza kabla kwamba kichwa hicho kina majeraha ishirini. Nywele za mtu aliyetolewa ngeu ishirini, zilizogandamana kwa damu: Kiswahili kina kila kinachohitajika hapo, mradi mfasiri asikimbilie "nywele zenye damu", ambazo zinaweza kuwa za mtu aliyejikata wembe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaofasiri ni kwamba gore isitafutiwe neno moja la kudumu. Fahali au nyati akifanya gore, amempiga mtu pembe. Damu isitajwe kabisa kama habari yenyewe haiitaji. Kwa fundi nguo ni taharizi au kipande. Kwa ripoti ya ajali au vita, eleza hali: damu iliyoganda, mabonge ya damu, nyama na damu vilivyotapakaa. Gory details ndiyo mtego mkubwa, maana Mwingereza huitumia hata kwa talaka au mkopo uliokwenda mrama. Hapo "undani wote, hata ule wa aibu" au "mambo yote bila kufichwa" hutosha, na "maelezo ya damu" yatamfanya msomaji atafute maiti asiyekuwepo.

Mahali ambapo uchaguzi huu si wa fasihi tena ni kwenye mitandao ya kijamii. Huko gore limekuwa jina la kundi la maudhui: picha na video za miili iliyopasuliwa, watu wakifa, wanyama wakiteswa. Nairobi ni mojawapo ya miji ambako kazi ya kuyachuja imefanywa na vijana kwa zamu, na mwaka 2022 mfanyakazi wa zamani alifungua kesi mahakamani huko dhidi ya kampuni mama ya Facebook na kampuni iliyomwajiri, akilalamikia madhara ya kuyatazama na mazingira ya kazi yenyewe. Onyo linaloandikwa "picha ina damu" haliwatendei haki watu kama hao wala mtazamaji wa kawaida, kwa sababu linaiweka kwenye daraja moja picha ya mtu anayechangia damu hospitalini na video ya mtu aliyekatwa mapanga. "Maiti na majeraha ya wazi" lina urefu wa maneno matano tu, linaingia kwenye kisanduku cha onyo bila kukatwa, na linamwambia mtu hasa kile atakachokiona akibonyeza.